Kabla ya Tangazo: Kumtafuta Mkuu wa Maktaba za Chuo

Hotuba hii niliitoa mbele ya baraza, seneti, wakutubi na wanafunzi, siku chuo kilipoanza safari ya kumtafuta mkuu mpya wa maktaba zake. Wengi hawakuwepo, wakaomba kuipata nzima. Picha za ukutani nimeziacha. Maneno ni yaleyale, pamoja na mizaha michache ambayo haikuchekesha.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza, Makamu Mkuu wa Chuo, wajumbe wa Seneti, wakutubi wenzangu, na ninyi wanafunzi mliojibanza kule nyuma karibu na mlango ili mponyoke nikirefusha:

Asanteni kwa kunialika. Nimestaafu, kwa hiyo mtulie, sigombei. Nimekaa ndani ya kamati za uteuzi mara nyingi kuliko nilivyopenda, na mara nyingine nimekaa upande wa pili wa meza, koo limekauka, nikijibu swali la "unajiona wapi baada ya miaka mitano". Nimechaguliwa, nimekataliwa, nimechagua vizuri, nimechagua vibaya. Leo nitasema zaidi juu ya kule kuchagua vibaya, kwa sababu ndiko nilikojifunza.

Wiki mbili zilizopita mwenyekiti wa kamati yenu alinipigia simu. Akaniuliza, "Tutafute mtu wa namna gani?" Nikamwuliza, "Wa kazi gani?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Si kuongoza maktaba?"

Ndugu zangu, hotuba yangu yote imo ndani ya ule ukimya.

Nianze na swali jepesi. Nani humu ndani anaweza kuniambia chuo hiki kina maktaba ngapi? Naona vidole viwili vimenyooshwa, na havikubaliani.

Kuna maktaba kuu, ile yenye ngazi ndefu, ambayo kila mmoja huipigia picha siku ya mahafali. Kuna ya tiba, ambayo wanafunzi wake wanataka iwe wazi usiku wa manane. Kuna ya sheria, ambayo mkuu wa kitivo huiita "maktaba yangu", na funguo anazo yeye. Kuna ya kampasi ya mbali, ambako wanafunzi wanalipa karo ileile na kupata theluthi ya rafu. Na kuna maktaba kubwa kuliko hizo zote, isiyo na mlango wala ngazi: majarida na hifadhidata ambazo mtafiti huzifungua akiwa amelala kitandani, asijue kwamba yuko mkutubi mahali fulani aliyezipigania na kuzilipia.

Mnatafuta mkuu wa vyote hivyo kwa pamoja. Mnatafuta mtu wa kumwambia mkuu wa kitivo cha sheria kwamba katalogi ni moja, kadi ya kuazimia ni moja, na zile funguo nazo zirudi. Je, mmeliandika hilo kwenye tangazo?

Hamkuliandika. Rasimu nimeonyeshwa. Inataka mtu "mwenye maono, mbunifu, mwadilifu, anayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo". Hebu niambieni, kuna aliyewahi kuomba kazi akasema hana maono? Sifa ambayo kila mwombaji anaweza kudai anayo haichuji mtu. Ni chekecheke lililotoboka katikati.

Sasa niwape kisa changu, nacho hakinipi sifa.

Miaka mingi iliyopita, katika chuo ambacho sitakitaja, nilikuwa katibu wa kamati kama yenu. Tulisaili watu wanne. Watatu walikuwa wazuri. Wa nne alikuwa moto. Alizungumza dakika arobaini bila karatasi. Alitueleza maktaba ya kesho: vyumba vya kazi za vikundi, studio ya kurekodia mihadhara, hazina ya kidijitali yenye tasnifu zote za chuo tangu kianzishwe. Mjumbe mmoja, mzee wa kemia ambaye hakuwahi kumsifu mtu, alipiga makofi. Tukamchukua.

Mwezi wa tatu alifungua vitabu vya hesabu. Akakuta kwamba karibu fedha yote ya kununulia machapisho ilikuwa tayari imefungwa. Ilifungwa kwenye mikataba ya majarida: mikataba ya miaka mitatu mitatu, inayolipwa kwa fedha za kigeni, kila mmoja ukiwa na kifungu cha bei kupanda kila mwaka. Ile studio haikuwa na hata senti. Ile hazina ya tasnifu haikuwa na hata senti.

Nani alimficha? Hakuna aliyemficha. Mhasibu alijua. Kaimu mkuu wa maktaba alijua. Kamati haikujua, kwa sababu kamati haikuuliza. Tulikwenda kumtafuta nahodha bila kukagua chombo kinavuja wapi.

Aliondoka kabla ya kumaliza mwaka wa pili. Na sisi tulimlaumu yeye. Kwenye kumbukumbu za kikao imeandikwa kwamba "alishindwa kuendana na mazingira ya taasisi". Maneno hayo niliyaandika kwa mkono wangu, na hati yangu ilikuwa nzuri.

Kwa hiyo ninapowaambia kwamba uteuzi huharibika kabla ya tangazo kutoka, sisemi nadharia. Wanasema mwombaji alidanganya kwenye wasifu wake, hutokea. Lakini mara ngapi ni chuo ndicho kilichodanganya kwenye tangazo lake?

Na hilo la mikataba halimalizwi na mkuu wa maktaba peke yake, hata awe simba. Angalieni yaliyotokea California. Chuo Kikuu cha California kina kampasi 10, na maktaba zake hujadiliana na wachapishaji kwa pamoja. Februari 2019 kilitangaza kwamba hakitaendelea na mkataba wake na Elsevier, mmoja wa wachapishaji wakubwa kabisa wa majarida ya kisayansi duniani. Kilitaka mambo mawili kwa wakati mmoja: gharama zidhibitiwe, na makala za watafiti wake zisomwe na mtu yeyote bila malipo. Julai ya mwaka huo watafiti wa kampasi zote wakafungiwa makala mpya za mchapishaji huyo. Hebu fikirini simu zilizopigwa maktaba wiki ile! Hali ikaendelea hivyo hadi Machi 2021, yalipofikiwa makubaliano mapya yenye mengi ya yale waliyoyataka.

Walivumiliaje zaidi ya mwaka mmoja na nusu? Maktaba haikuwa peke yake. Timu ya majadiliano ilikuwa na wakutubi na wahadhiri, na seneti ya wahadhiri ilitangaza hadharani kwamba iko nyuma yao. Sasa nawauliza ninyi, wajumbe wa Seneti, mnaonitazama kwa utulivu namna hiyo: mkuu wenu mpya akisimama mbele ya mchapishaji na kusema "hapana", mtasimama naye? Profesa akikosa makala yake Jumatatu asubuhi, mtasimama naye? Barua ya malalamiko ikifika kwa Makamu Mkuu wa Chuo ikiwa na sahihi thelathini, mtasimama naye? Kama jibu ni hapana, msiandike kwenye tangazo kwamba mnataka mtu jasiri. Andikeni kwamba mnataka mtu mpole wa kusaini ankara. Wapo, na baadhi yao ni watu wazuri sana.

Niende kwenye usaili wenyewe.

Iko hadithi ya kale aliyoiandika Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi, zaidi ya karne moja baada ya mambo yenyewe, na huenda imetiwa chumvi. Mfalme wa Misri wa ukoo wa Ptolemaio aliandaa mashindano ya ushairi. Alikuwa na waamuzi sita, akakosa wa saba. Akaambiwa yuko mtu mmoja, Aristophanes wa Byzantium, ambaye kila siku huingia maktaba ya Aleksandria na kusoma vitabu vyote kwa mpangilio, rafu baada ya rafu. Akaitwa, akakaa.

Washairi wakaghani. Umati ukapiga kelele kumshangilia mmoja, na waamuzi sita wakampa huyohuyo ushindi. Aristophanes akamtaja yule ambaye umati ulimpenda kidogo kuliko wote. Mfalme akakasirika, watu wakazomea. Yeye akainuka akasema kwamba huyo mmoja tu ndiye mshairi, wengine wamekariri kazi za watu. Akaenda rafuni, kwa kumbukumbu tu, akarudi na mabunda ya hati za kukunja, akazilinganisha na yale yaliyoghaniwa mpaka wenyewe wakakiri wizi wao. Na mfalme, anasema Vitruvius, akamkabidhi maktaba aiongoze.

Naipenda hadithi hii kwa ajili ya wale waamuzi sita. Ndio sisi! Ndio mimi na yule mzee wa kemia. Tulisikiliza umati uliokuwa ndani ya vichwa vyetu, tukampa ushindi aliyeghani vizuri. Na huyo wa saba hakuulizwa anajiona wapi baada ya miaka mitano. Alionekana akiifanya kazi yenyewe: anajua kitu kiko wapi, anaweza kukithibitisha, na haogopi kuzomewa.

Basi wapeni waombaji wenu kazi. Siku ya usaili, kabla ya hotuba zao, wawekeeni mezani bajeti halisi ya mwaka uliopita, majina ya makampuni yakiwa yamefutwa, pamoja na dakika tisini na swali moja: "Mwakani fedha inapungua kwa sehemu moja ya tano. Unaanza wapi, na unamwambia nani kwanza?" Sehemu ya pili ya swali hilo ndiyo yenye madini. Yuko atakayekata majarida yenye wasomaji wachache, hesabu safi kabisa, na asimwambie mtu mpaka kuta zianze kulalamika. Yuko atakayesema: kwanza nitaomba takwimu za matumizi, kila jarida limefunguliwa mara ngapi, halafu nitakaa na kila idara, niwaonyeshe bei iliyogawanywa kwa idadi ya usomaji, tuchague pamoja. Na yuko mmoja aliyeniambia, nikamkumbuka mpaka leo: "Nitaanza kwa kuwaambia wakutubi wangu, kwa sababu wao ndio watakaotukanwa kaunta."

Halafu wapeni nafasi ya kuuliza, na msiifanye ile ya mwisho, ya dakika tatu, watu wakiwa wameshakusanya mafaili. Nusu saa nzima. Maswali ya mtu humweleza kuliko majibu yake. Mwombaji mmoja, aliyekuwa ameinamisha kichwa muda wote na ambaye karatasi yangu ya alama ilimpa wastani, alituuliza, "Mara ya mwisho kuhesabu vitabu rafuni na kulinganisha na katalogi ilikuwa lini?" Tukatazamana. Hakuna aliyejua. Akauliza tena, "Basi mnajuaje kwamba vile mnavyosema mnavyo, mnavyo?" Nilifuta alama zangu nikaandika upya. Mwenyekiti alinikodolea macho, maana ni kinyume cha utaratibu, na pengine alikuwa na haki.

Sasa kuna wale wasioomba kabisa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika jambo hili methali hiyo ina mtego. Kizuri hakijiuzi, kiko kazini kwake, kimejaa shughuli, hakisomi matangazo yenu. Mkisubiri barua, mtapata wanaojitembeza. Kamati lazima ipige simu. Waulizeni wakuu wa maktaba wa vyuo vingine, waulizeni vyama vya wakutubi, waulizeni hata wachapishaji: ni nani anayewasumbua zaidi kwenye meza ya majadiliano? Wakikunja uso wakimtaja, andikeni jina hilo.

Na mkishampata wa namna hiyo, tunzeni siri. Mtu mwenye kazi nzuri akisikia jina lake linazungumzwa korido kabla hajamwambia mkuu wake, anajitoa. Nimeona orodha ya majina matano ikivuja Ijumaa, na Jumatatu yakabaki matatu. Yale mawili yaliyopungua ndiyo tuliyokuwa tukiyataka.

Mtaniuliza, na najua mtaniuliza kwa sababu naona wawili wanagombania hilo kwa kunong'ona mstari wa pili: awe mkutubi kwa taaluma, au msomi mkubwa wa fani nyingine? Ugomvi huu ni wa zamani. Wakutubi tunasema ukutubi ni taaluma, haurithiwi kwa kupenda kusoma. Maprofesa wanasema wanataka mtu wa hadhi yao. Nitawapa kisa, halafu mgombane vizuri.

Mwaka 1924 Chuo Kikuu cha Madras, India, kilimteua mkutubi wake wa kwanza. Alikuwa mwalimu wa hisabati, S. R. Ranganathan, asiye na mafunzo yoyote ya ukutubi. Baada ya muda mfupi kazi ikamchosha kwa ukimya wake, akaomba arudishwe darasani. Wakubwa wake hawakumfukuza, wala hawakumlazimisha. Walimwambia aende kwanza London kusoma kazi hiyo, na akirudi bado haitaki, atarudi kufundisha. Akaenda, akasoma University College, akazunguka maktaba nyingi za Uingereza, akaona jinsi zilivyogawanyika kati ya vitabu vinavyotunzwa na vitabu vinavyotumika. Alirudi mtu mwingine. Aliongoza maktaba ile kwa takriban miaka 20, na kanuni zake tano za maktaba, alizozichapisha mwaka 1931, bado zinafundishwa kwa kila mwanafunzi wa ukutubi.

Kila upande huchukua kisa hiki na kukivuta kwake. Maprofesa husema: mnaona, mwanahisabati! Wakutubi husema: mnaona, hakufaa mpaka aliposoma! Mimi naona kitu cha tatu. Chuo kiligundua kwamba mtu wake ana pengo, kikalipia kulijaza. Hata kule California, mmoja wa wenyeviti wawili wa timu ya majadiliano alikuwa mkuu wa maktaba za Berkeley, moja ya zile kampasi 10, na kwa taaluma yeye ni mwanauchumi. Mwenzake alikuwa mtu wa maktaba tangu zamani. Walikaa wawili. Hakuna mtu mmoja anayekuja akiwa kamili, kwa hiyo nawaomba muulize swali lenye faida zaidi: ana pengo gani, na ndani ya maktaba zenu yuko nani wa kuliziba?

Hapo nagusa kidonda. Makaimu.

Humu ndani yuko mtu ambaye amekaimu nafasi hii kwa muda. Sitamtazama. Amesaini ankara, amepatanisha magomvi, amefungua mlango bomba lilipopasuka. Na kesho kutwa mtatangaza nafasi yake hadharani. Mmemwambia nini?

Kallimakhos wa Kurene ndiye aliyetengeneza orodha kubwa ya vitabu vya Aleksandria, inayosemwa ilijaza hati 120 za kukunja. Kwa maneno yetu, alijenga katalogi ya maktaba mashuhuri kuliko zote za kale. Alikuwa mkuu wa maktaba hiyo? Huko Misri, Oxyrhynchus, kilipatikana kipande cha mafunjo chenye majina ya waliowahi kuiongoza. Apollonius yumo, ambaye husemwa alikuwa mwanafunzi wa Kallimakhos. Kallimakhos hayumo. Alinyimwa, au hakuitaka? Mafunjo hayasemi. Lakini nimefanya kazi na akina Kallimakhos wa siku hizi, na naweza kuwaambia kwamba wengine hawataki kuongoza na wangefurahi kuulizwa, na wengine wanataka sana na wanangoja waulizwe. Kinachowavunja ni kutoulizwa. Kaimu aambiwe mapema, ana kwa ana, na mwenye mamlaka: tunakuona kama mwombaji wa kweli, au hatukuoni hivyo, na sababu ni hii. Asitumiwe kama kiti cha kuzuia mlango. Na asije akawekwa kwenye orodha kwa adabu tu, akavaa suti, akajieleza mbele ya watu walioshaamua. Hilo nimeliona, yule mtu hakurudi kuwa yule wa zamani, na maktaba ilipoteza kumbukumbu yake ya miaka ishirini kwa ajili ya adabu.

Kuhusu teknolojia sitakawia. Kila tangazo siku hizi linataka "kiongozi wa kidijitali", na kila mwombaji anakuja na akili bandia mfukoni. Msisisimke sana. Koha, programu huria ya kuendeshea maktaba ambayo leo inatumika duniani kote, vikiwemo vyuo vikuu, ilizaliwa New Zealand mwaka 1999 kwa sababu maktaba ndogo za eneo la Horowhenua zilikuwa na mfumo wa kompyuta ambao usingeweza kusoma tarehe za kuanzia mwaka 2000. Watu wa maktaba hawakuiandika wao, waliajiri kampuni. Walichokuwa nacho ni kujua kwa hakika wanahitaji nini, na uamuzi kwamba kikishatengenezwa kiwe wazi kwa wote. Mwulizeni mwombaji jambo moja: mkataba wa mfumo wetu ukiisha, data za katalogi ni za nani, na tutazitoaje? Atakayejibu hilo bila kupepesa anatosha.

Na mwulizeni juu ya moto. Sisemi kwa mafumbo. Tarehe 18 Aprili 2021 moto wa nyika ulishuka kutoka mlimani ukaingia Chuo Kikuu cha Cape Town na kuteketeza chumba kikubwa cha kusomea cha Jagger, pamoja na sehemu ya mkusanyo wa machapisho ya Afrika ambao hauna mfano. Milango ya kuzuia moto ilijifunga, ikaokoa sehemu nyingine za jengo. Maji ya kuzimia moto yakatiririka hadi stoo za chini. Kwa wiki kadhaa wakutubi na watu wa kujitolea walipanga mistari wakipitisha masanduku ya hati zilizolowa, mkono kwa mkono. Nani aliamua kianze kutoka kipi? Karatasi iliyolowa haingoji kikao. Swali la usaili ni hili: "Ni mambo gani matatu utayakagua katika jengo letu wiki yako ya kwanza?" Mkisikia mtu anaanza na funguo za milango ya dharura na orodha ya mikusanyo isiyo na nakala, mpeni maji ya kunywa, mwacheni aendelee.

La mwisho ni juu yenu, waheshimiwa wa Baraza, na nimeliweka mwisho ili niwe karibu na mlango.

Sir Thomas Bodley alijitolea mwaka 1598 kufufua maktaba ya Oxford, na ikafunguliwa 1602. Mkutubi wa kwanza aliyemweka alikuwa Thomas James, msomi hodari. Bodley alitaka mkutubi wake asiwe na mke, ili ndoa isimwibie maktaba muda. James akataka kuoa, akashikilia, na Bodley akakubali shingo upande. Hapo James alishinda. Kwingine hakushinda. Bodley, akiwa mbali, alimwandikia barua juu ya barua: vitabu gani viingie, vipangwe vipi, nani aruhusiwe. Tamthilia hakuzitaka kabisa. Aliziona takataka zisizostahili rafu, na huo ndio wakati Shakespeare alikuwa hai na anaandika! James alipopendekeza maktaba kwa ajili ya wanafunzi wachanga, Bodley akapinga.

Fikirini hilo, wanafunzi. Zaidi ya miaka 400 iliyopita mkuu wa maktaba aliwafikiria vijana, na mwenye fedha akasema hapana, kwa barua, kutoka mbali.

Bodley hakuwa mtu mbaya; bila yeye pasingekuwa na maktaba. Lakini alimtafuta msomi hodari kisha akamshika mkono wenye kalamu. Mkuu wenu mpya ataripoti kwa nani? Kwa Makamu Mkuu wa Chuo, au kwa naibu wa naibu anayeshughulikia pia magari na viwanja? Atakuwa na kiti katika Seneti, au ataitwa tu wanapojadili faini za vitabu vilivyochelewa? Anaweza kuhamisha fedha kutoka karatasi kwenda kielektroniki bila sahihi sita? Waombaji wazuri watauliza haya, na wakisikia mnajikanyaga watafunga mkoba kwa heshima na kuwashukuru kwa chai.

Nimemaliza, karibu. Mwenyekiti wa kamati amenionyesha ajenda ya kesho saa tatu asubuhi. Kipengele cha kwanza ni "Kupitisha tangazo". Mheshimiwa, nakuomba ukisogeze kiwe cha mwisho, na kama muda hautatosha, kisubiri kikao kijacho. Cha kwanza, mwite mhasibu aje na mikataba yote ya majarida, mmoja mmoja, na tarehe zake za kuisha. Cha pili, mkuu wa kitivo cha sheria aje na zile funguo.

Asanteni.